Gari la Zamani Linakula Matairi ya Mbele: Mwongozo Kamili wa Kumtafuta Mchawi

Tairi la mbele likianza kuisha upande mmoja, wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kununua jingine, au kupeleka gari alaimenti, yaani kupimwa na kupangwa pembe za magurudumu. Kwa gari ambalo viungo vyake bado vizima, alaimenti huenda ikamaliza kazi. Kwa gari la zamani, mara nyingi ni hela ya kutupa. Pembe hizo zinashikiliwa na bushi (mipira ya viungo), boli jointi (viungo vya duara vinavyozunguka) na tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu). Hivyo vikiwa vimelegea, fundi atakupangia namba nzuri gari likiwa limesimama, na ukikanyaga breki ya kwanza barabarani namba hizo hazipo tena.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi hii haugeuzwi. Unasoma tairi, unakagua upepo, unatafuta kilicholegea, unatafuta kilichopinda, ndipo unapima pembe. Alaimenti inakuja mwishoni, kila kitu kikiwa kimekaza.

Vifaa ni vya kawaida: geji ya upepo unayoiamini, jeki, stendi mbili, vizuizi vya magurudumu ya nyuma, tochi, mtaimbo mfupi, futi ya kupimia, uzi wenye uzito mwishoni, chaki na rula ndogo. Tafuta na mtu wa pili, maana kuna vipimo ambavyo mikono miwili haitoshi. Daftari pia. Ukishapima matairi mawili sehemu tatu tatu, kichwa hakitakumbuka lipi lilikuwa lipi.

Soma tairi kabla hujagusa spana

Upande wa ndani ndio unaowaponza watu, kwa sababu ukisimama nje ya gari huuoni. Nje tairi linang'aa na mifereji yake imesimama vizuri, kumbe ndani waya zimeshachungulia. Kata usukani mpaka mwisho upande mmoja, uso wa tairi utajitokeza nje ya bodi. Pitisha tochi, halafu kata upande wa pili.

Sasa pima kina cha mfereji sehemu tatu kwa upana wa tairi: nje, kati na ndani. Rudia sehemu mbili au tatu za mzunguko wake. Kama huna kipimo maalumu, kijiti chembamba na rula vinatosha. Ingiza kijiti, weka alama kwa kucha, pima. Tairi jipya la gari dogo huanza na milimita 8 hivi. Vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji huwa sawa na uso wa tairi kina kikibaki milimita 1.6, na nchi nyingi zimeweka hapo kikomo cha kisheria.

Tuseme daftari lako linasoma hivi. Kushoto: nje 6, kati 5.5, ndani 2.5. Kulia: nje 6, kati 6, ndani 5. Hapo umeshapata nusu ya jibu bila kuinua gari. Magurudumu ya mbele yameunganishwa na usukani mmoja. Mtu akiharibu urefu wa tairodi ya upande mmoja tu, gari likienda moja kwa moja magurudumu yote mawili hugawana kosa hilo karibu nusu kwa nusu, na unachokiona ni usukani kukaa kombo. Kwa hiyo kosa la namna hiyo kwa kawaida hula matairi yote mawili. Tairi moja likiliwa peke yake huku mwenzake mzima, anza kuushuku upande huo wenyewe: kitu kimepinda, springi imekaa (imechoka ikashuka), au kiungo kimekwisha.

Ulikaji wenyewe una sura zake. Kati kukiisha kuliko pembeni, upepo umezidi. Mabega yote mawili yakiisha na kati kukabaki, upepo umepungua. Bega la nje peke yake, kwa matairi yote mawili, linaweza kuwa la dereva anayeingia kona kwa kasi kuliko gari lenyewe. Muulize kwa upole kama si wewe. Doa moja bapa, sehemu moja tu ya mzunguko, ni breki iliyofunga gurudumu likaburuzwa.

Mabonde yanayojirudia kuzunguka tairi, hapa juu pale chini, mara nyingi ni shokapu iliyokufa. Tairi linadunda badala ya kukanyaga, na kila linapotua linajimega. Beringi iliyolegea au gurudumu lisilo na balansi huleta mabonde ya aina hiyohiyo. Tairi la namna hii hupiga kelele ya mvumo ambayo watu huidhania beringi. Namna ya kutofautisha: ukiwa kwenye mwendo, pinda taratibu kushoto kisha kulia mahali palipo salama. Mvumo wa beringi kwa kawaida hubadilika uzito unapohamia upande mmoja. Wa tairi haubadiliki sana, na ukihamisha matairi kwenda nyuma kelele nayo inahamia nyuma.

Tumia kiganja

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji kifaa. Weka kiganja juu ya uso wa tairi na ukipitishe kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kurudi nje. Tairi linaloburuzwa pembeni huota makali kwenye kingo za vipande vyake vya mpira, kama magamba ya samaki: upande mmoja mkono unateleza, upande wa pili unakwaruza. Jicho linaweza kupita juu ya makali hayo bila kuyaona, hasa yakiwa bado machanga, lakini kiganja kinayapata. Kama waya zimeshajitokeza, acha, zinachana ngozi.

Makali hayo yanasababishwa na tou, yaani jinsi magurudumu mawili yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu. Pua zao zikiinamiana kwa ndani ni toini, zikiachana ni toauti. Mkono ukiteleza kutoka nje kwenda ndani, na ukakwaruza unaporudi nje, toini imezidi. Ukiteleza kwenda nje na kukwaruza kuingia ndani, ni toauti.

Kemba ni kitu kingine: ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele. Juu likilalia ndani ni kemba hasi, na bega la ndani hubeba uzito zaidi. Likilalia nje ni chanya. Kemba ikiwa peke yake hula bega moja polepole na kuliacha laini, bila makali. Kwa hiyo bega la ndani lililoisha likiwa laini, fikiria kemba. Likiwa limeisha na uso mzima una makali, fikiria tou, au tou na kemba pamoja. Mchanganyiko huo wa pili ndio unaomaliza tairi ndani ya muda mfupi.

Watu huilaumu sana kemba kwa sababu inaonekana kwa macho. Mimi naitazama tou kwanza. Piga hesabu mwenyewe: tairi lenye kipenyo cha milimita 600, tou ikiwa imekosewa kwa milimita 10 kwa jumla, kila gurudumu limegeuka milimita 5 katika hizo 600. Maana yake kila kilomita unayokwenda, kila tairi limeburuzwa pembeni mita 8 hivi. Hakuna mpira unaostahimili hilo. Kemba ya nyuzi (digrii) moja, kwa tairi la kawaida, haiui tairi kwa kasi hiyo.

Kabla hujaondoka kwenye tairi, soma tarehe yake. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu linaweza kuachana tabaka za ndani, likavimba sehemu moja na kuliwa mahali pasipoeleweka, na hapo hakuna kiungo cha kulaumu.

Upepo

Sehemu hii ni fupi lakini usiiruke. Pima matairi yakiwa yamepoa, yaani gari limelala au limesimama saa kadhaa. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha mafuta. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linaruhusiwa, si kiwango cha gari lako. Kama tairi moja linapungua kila wiki, tibu uvujaji kwanza: valvu, kutu kwenye ukingo wa rimu, msumari. Tazama pia kama matairi mawili ya mbele ni ya saizi moja na aina moja, maana kwenye gari lililopita mikono mingi jambo hilo si la kudhaniwa tu.

Tafuta kilicholegea

Hapa ndipo utatumia muda wako, na ndipo gari la zamani linapojisema.

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Weka vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, inua mbele, na ukalishe gari juu ya stendi. Usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia.

Anza kwa kushika gurudumu juu na chini. Sukuma juu, vuta chini, kisha geuza, kwa mtikiso mfupi mfupi. Ukisikia mchezo, yaani ulegevu, mwambie mwenzako akanyage breki na uishikilie, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, beringi ya habu (kitovu cha gurudumu) ndiyo iliyolegea, kwa sababu breki imeishikanisha disiki na nakali, chuma kinachobeba habu. Mchezo ukibaki vilevile, ni boli jointi au kitu kingine nyuma ya nakali. Mwenzako aangaze tochi kwenye boli jointi ya chini wakati unatikisa. Mara nyingi utaona kabisa nakali inasogea huku wishboni, yaani mkono wa chini unaoshikilia gurudumu, imetulia.

Kuna jambo la kuzingatia kabla hujaamini boli jointi. Kwenye mfumo wa MacPherson, ambao ndio wa magari mengi madogo, springi imekaa juu ya shokapu. Ukiinua gari kwa bodi na kuacha magurudumu yaning'inie, boli jointi ya chini inakuwa haina mzigo na mchezo wake unajitokeza. Kwenye gari lenye mikono miwili, juu na chini, na springi imekalia mkono wa chini, hali inageuka: magurudumu yakining'inia, springi inaibana boli jointi na kuficha ubovu. Hapo weka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, ndipo utikise.

Sasa shika gurudumu kushoto na kulia, katikati ya urefu wake, na ulitikise kama mtu anayekata kona. Mchezo wa hapa ni wa tairodi, ya nje au ya ndani. Wa nje unauona: kichwa cha tairodi kinadunda kwenye kikombe chake. Wa ndani umejificha ndani ya raba ya reki, chuma cha usukani kinachosogea kushoto na kulia. Bana raba hiyo kwa vidole mpaka uguse kiungo cha ndani, mwenzako atikise gurudumu. Mgongano utausikia vidoleni. Kama gari lina boksi la usukani badala ya reki, viungo vya kati navyo vina zamu: mkono unaotoka kwenye boksi, na mkono mfuasi wa upande wa pili. Huo mfuasi ukilegea, tou inabadilika kila tundu unalopita.

Hadi hapo kazi ni rahisi. Bushi za wishboni ndizo zinazowapita watu wengi, kwa sababu haziwezi kutikisika kwa mkono. Ingiza mtaimbo kati ya wishboni na fremu, karibu na bushi, na uuegemee kiasi. Bushi nzima inanyumbuka kidogo na kurudi. Iliyokufa inaruka, chuma cha ndani kinasogea mpaka kigonge ukingo, au unaona ufa umezunguka mpira mzima. Angalia zaidi bushi ya nyuma ya wishboni, ile kubwa. Ndiyo inayopokea nguvu ya breki. Ikichanika, kila ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma na kujigeuza, na tou inaondoka mahali pake, ukiachia, inarudi. Kwenye mashine ya alaimenti gari hilo litapata namba safi kabisa, na tairi litaendelea kuliwa.

Unaweza kuishuhudia hali hiyo bila kuinua gari. Mwenzako aendeshe mwendo wa kutembea mahali peupe, ashike breki kwa ghafla kidogo, kisha arudi nyuma na kushika tena. Wewe simama pembeni na utazame nafasi kati ya tairi na bodi. Gurudumu likisogea mbele na nyuma ndani ya nafasi yake, bushi imekwisha.

Shokapu hazihitaji utaalamu mwingi. Tafuta mafuta yaliyolowanisha mwili wake; ukungu mwembamba wa mafuta si hoja, michirizi ni hoja. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu na uachie. Likipanda na kutulia, sawa. Likiendelea kucheza, shokapu haina kazi. Kipimo hiki cha kubonyeza hukamata shokapu iliyokufa kabisa tu, kwa hiyo kama tairi lina mabonde na shokapu ni za miaka mingi, liamini tairi. Fungua boneti pia na uangalie mauntingi ya juu, pale shokapu inapofungwa kwenye bodi, wakati mwenzako anakata usukani gari likiwa chini. Ikiruka au kugonga, hapo juu nako kumelegea, na kemba inacheza nako.

Badilisha kilichokwisha, na badilisha pande zote mbili pale inapowezekana. Halafu jambo moja ambalo gereji nyingi huliruka: bolti za bushi za wishboni hukazwa mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake, si likiwa limening'inia. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye vyuma vyake vya ndani na nje. Ukiukaza gurudumu likiwa limeshuka, gari likikaa chini mpira unabaki umesokotwa muda wote, na bushi mpya inachanika mapema. Simama hapo na uhakikishe.

Ukibadilisha tairodi, hesabu mizunguko unapoitoa na uirudishe kwa idadi hiyohiyo. Haitakuwa sahihi, lakini itakufikisha kwenye alaimenti bila kula tairi njiani.

Tafuta kilichopinda au kilichokaa

Kama kila kitu kimekaza na bado tairi moja tu linaliwa, pima kimo cha gari. Chukua kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, gari likiwa tupu na upepo umesawazishwa. Tofauti inayozidi sentimita moja na nusu inakuambia springi moja imekaa au imekatika. Springi hupenda kukatika mzingo wa chini kabisa, pale kutu inapojificha ndani ya kikombe, kwa hiyo zungusha mkono na tochi mpaka mwisho wake. Kwenye magari mengi gari likishuka, kemba huelekea hasi na tou nayo hubadilika. Hii ndiyo sababu magari yaliyoshushwa kwa ajili ya urembo hula ndani.

Kisha kemba, kwa uzi. Ning'iniza uzi wenye uzito kutoka juu ya gurudumu, upite mbele ya uso wa rimu bila kugusa ubavu wa tairi. Pima nafasi kutoka uzi hadi ukingo wa rimu juu, kisha chini. Kwa rimu ya inchi 15, tofauti ya milimita 7 hivi ni sawa na nyuzi moja. Sakafu ikiwa na mteremko itakudanganya, basi ukimaliza geuza gari lielekee upande wa pili, pasipo kubadilisha mahali, upime tena na uchukue wastani. Hapa usihangaike sana na namba kamili. Tafuta tofauti kati ya kushoto na kulia. Ikizidi nusu ya nyuzi, kuna jambo upande mmoja.

Jambo hilo mara nyingi ni shokapu iliyopinda, nakali iliyopinda au wishboni iliyogonga kitu. Linganisha vyuma vya kushoto na kulia kwa kuvitazama ukiwa umelala chini, ukipima kutoka tundu fulani la fremu hadi boli jointi pande zote mbili. Rangi iliyobanduka, kutu mbichi kwenye mkunjo na bolti zenye alama mpya za spana zina habari. Kagua pia bolti za sabfremu, ile fremu ndogo ya mbele inayoshikilia wishboni. Kama injini au gia boksi imewahi kushushwa, sabfremu huenda ilirudishwa imesogea milimita chache, na dalili yake ni kemba kuwa hasi upande mmoja na chanya upande wa pili kwa kiasi kinachofanana.

Pima tou mwenyewe

Unaweza kuipata tou kwa usahihi wa kutosha nyumbani, angalau kujua kama iko mbali. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, na ushikilie msumari uliotulia juu ya kitu kizito ukigusa katikati ya uso wa tairi, ili uchore mstari mwembamba kuzunguka mzunguko mzima. Ukipaka chaki kwanza, mstari unaonekana vizuri. Mstari huu ndio siri ya kipimo: hata rimu ikiwa na mchezo kidogo, mstari uliochorwa kwa kuzungusha hauyumbi.

Chora magurudumu yote mawili, shusha gari, libonyeze mara kadhaa, halafu lisukume mbele mita chache usukani ukiwa umenyooka. Mbele tu. Ukilirudisha nyuma, milegeo midogo iliyobaki inageukia upande mwingine na kipimo kinaharibika. Sasa pima umbali kati ya mistari miwili nyuma ya matairi, kwa kimo cha habu, kisha mbele kwa kimo hichohicho. Bodi ikizuia futi, shusha uzi wenye uzito kutoka kwenye kila mstari hadi sakafuni, weka alama, na upime alama. Nyuma kukizidi mbele, hiyo ni toini. Mbele kukizidi, ni toauti.

Kitabu cha gari lako kina namba yake. Kwa magari mengi madogo iko kati ya sifuri na milimita 3 za toini. Magari yanayosukumwa na magurudumu ya mbele huwekwa karibu na sifuri, kwa sababu injini yenyewe huyavuta magurudumu kuelekea ndani.

Ukitaka kurekebisha, legeza nati ya kufunga na pia kibanio cha raba ya reki, la sivyo raba itajisokota na kuchanika. Zungusha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa ili usukani usihame katikati. Kwenye gari la zamani nati hizo huwa zimegandishwa na kutu. Zipulizie mafuta ya kulainisha siku moja kabla.

Alaimenti, sasa

Nenda na upepo sahihi, buti likiwa halina mizigo isiyo ya kawaida. Omba magurudumu manne yapimwe hata kama matairi ya nyuma hayana shida. Mhimili wa nyuma ukiwa umekaa kombo, gari huenda upandeupande, nawe unashikilia usukani umepinda siku nzima bila kujua kwa nini.

Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kabla ndiyo yenye thamani kwako, kwa sababu inaeleza tairi liliuliwa na nini. Ilinganishe na ulichoandika daftarini. Kama tairi lako lina makali ya toauti na karatasi inaonyesha tou ilikuwa karibu sahihi, kuna bushi inayocheza ambayo hujaiona. Tazama pia kasta, yaani mwegemeo wa mhimili wa usukani kuelekea mbele au nyuma. Yenyewe haili tairi sana, lakini kasta ya upande mmoja ikiwa tofauti na mwenzake huku na kemba imeharibika upande huohuo, wishboni au sabfremu imerudi nyuma. Kasta zikilingana na kemba pekee ikawa mbovu, elekea kwenye shokapu na nakali.

Fundi akikuambia kemba ya gari lako hairekebishiki, huenda anasema kweli. Magari mengi yametoka kiwandani bila marekebisho hayo. Zipo bolti maalumu zenye tumbo la upande zinazoongeza nyuzi moja au zaidi pale shokapu inapofungwa kwenye nakali. Zitumie kwa tofauti ndogo ya uzee. Usizitumie kuficha nakali iliyopinda.

Baada ya hapo

Tairi lililokwisha ota makali au mabonde litaendelea kupiga kelele kwa muda hata kama ugonjwa umepona. Kama bado lina kina cha kutosha na halina mshale wa mwelekeo wala alama ya upande wa nje, linaweza kuvuliwa na kugeuzwa kwenye rimu ili bega lililoliwa likae nje. Lililofika kwenye waya halihamishiwi nyuma wala halifanywi la akiba, linatupwa. Na ukinunua mawili mapya, yaliyo mazima zaidi yakae nyuma, hata kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, kwa sababu nyuma likiteleza kwenye maji dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Andika kina cha matairi siku ya kutoka alaimenti, nje, kati na ndani. Endesha kilomita 1,500 hadi 2,000, kisha pima tena mahali palepale na upitishe kiganja. Makali yakiwa yamepungua na tofauti ya ndani na nje haijaongezeka, endelea kubadilishana matairi ya mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Ndani kukiwa kumeondoka milimita nzima huku nje hakujaguswa, usirudi kwenye mashine ya alaimenti. Rudi chini ya gari na mtaimbo, uanze na bushi ya nyuma ya wishboni.